Moshi wa Nyumbani kwa Mtaalamu

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na ugomvi na majembe. Walikuwa na mtu akilini mwao, mtu anayesimama kando ya shamba tangu mvua ya kwanza hadi palizi ya jirani, akiligeuza jembe hili na kulipima lile, huku msimu ukimpita. Mtu huyo si mvivu. Afadhali angekuwa mvivu, maana mvivu hujulikana, akaachwa alale. Huyu huchosha watu kwa sababu ana akili, ana nia njema, na karibu kila neno analolisema ni la kweli. Mmoja wao aliishi juu ya Chepseon, kwenye kilima kinachotazama njia ya Fort Ternan, na jina lake lilikuwa Bethwel arap Koros.

Bethwel alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kupokelea majani chai. Alipostaafu, badala ya kupumzika kama wenzake, alivamiwa na mapenzi mapya: nishati. Nishati ya jua, ya maji, ya upepo, ya samadi, hakuchagua. Popote palipopigwa hema na kuwekwa vipaza sauti, iwe Kericho mjini, Bomet au hata Nakuru, Bethwel alikuwa kwenye kiti cha mbele akiuliza maswali mpaka wauzaji wakaanza kutazama saa. Kila mara alirudi na kofia. Kofia ya watu wa sola, kofia ya watu wa majiko, kofia ya watu wa mitambo ya gesi, zote zilitundikwa ukutani pale sebuleni. Hakuna hata moja iliyowahi kuchemsha maji.

Watu wa kilima kile walimwita Mtaalamu, na mwanzoni hawakumkejeli. Aliyetaka kuweka sola juu ya bati lake alipita kwanza kwa Bethwel, akaambiwa upande gani wa paa unapata jua refu, na ushauri ule ukafaa. Wacera, mama aliyekuwa na hoteli pale Chepseon na ng'ombe wawili nyuma yake, alielezwa na Bethwel jinsi samadi inavyofungiwa ikachacha, ikatoa gesi ya kupikia. Alisikiliza mara moja tu. Wiki ile ile akamwita fundi, na tangu hapo chapati na maharagwe ya hoteli yake yalipikwa kwa moto wa buluu usio na chembe ya masizi. Makaa aliyasahau. Shamba lake la sukumawiki, alilolimwagia maji mazito yanayotoka kwenye mtambo, likatoa majani mapana kama sinia.

"Ni mzee Bethwel alinifungua macho," Wacera aliwaambia wateja, na hakuwa anatania.

Basi walioshauriwa walipika, na mshauri akaendelea kufukizwa. Au tuseme ukweli, yeye hakufukizwa, kwa kuwa jikoni hakuingia. Aliyefukizwa ni mkewe, Chepngeno. Mama huyo alipika kwenye mafiga matatu kwa matawi ya michai iliyopogolewa, na katika mvua ya Kericho inayoshuka kila alasiri kana kwamba imeajiriwa, matawi yale hayakuwahi kukauka. Yalitoa moshi kwanza, kisha yakatoa moshi tena, na moto ukaja mwishoni kama mgeni asiyetaka kuonekana. Nyasi za paa la jiko zilikuwa nyeusi ti. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na zizi la ng'ombe wanne, na kando ya zizi, rundo la samadi lililokaa hadi likaota nyasi.

Mganga hajigangi, watu husema. Lakini hapa mganga hakuwa na ugonjwa wowote. Kifua kilikuwa cha mkewe.

Daktari alikwisha kumwambia Chepngeno waziwazi. Dawa angempa, lakini akirudi kwenye moshi ule ule atakuwa ni sawa na mtu anayefagia uwanja huku mti unapukutisha majani. Chepngeno alimwelewa. Hata hivyo, si kifua kilichomuuma zaidi. Kilichomuuma ni siku ya koito ya binti yake wa kwanza, Phyllis, ile siku ambayo watu wa bwana harusi huja nyumbani kwa msichana ili pande mbili zielewane. Chepngeno alikuwa jikoni tangu jogoo la kwanza. Wazee walipomaliza mazungumzo yao, aliitwa aseme neno la mama kwa binti anayeondoka. Alisimama mbele ya watu, akafungua kinywa, na kikohozi kikamshika. Alikohoa hadi wanawake wawili wakamshika mikono wakamtoa nje. Neno lake likasemwa na wifi yake, ambaye hata hakumpenda Phyllis sana.

Kwa hiyo binti yake wa pili, Cheptoo, aliposema kwamba watu wa kina Kipkirui, mchumba wake, wangekuja likizo ya Disemba, Chepngeno alimfuata mumewe kwenye benchi lake nje ya nyumba.

"Baba Phyllis, mimi sikuombi vitu mingi. Siku ya Cheptoo nataka niongee. Nitolee hiyo moshi jikoni."

"Hiyo ni kitu ndogo sana, Mama Phyllis," Bethwel alijibu, na alikuwa anaamini. "Mpaka Disemba? Itakuwa ilishaisha zamani."

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili.

Alianza na jua. Alizunguka maduka ya Kericho akipima paneli kwa macho, akauliza habari za betri, akarudi na maelezo kwamba sola ya taa ni rahisi lakini sola ya kupikia inataka betri kubwa, na kilima chao kina ukungu, na betri bora zaidi zilikuwa njiani kuja. Yote yalikuwa kweli. Mwezi wa Mei aligeukia maji. Kijito kilichopita chini ya shamba kingeweza kuzungusha mtambo mdogo wa umeme, alisema, isipokuwa Januari hupungua, na ingefaa kwanza kukitazama mwaka mzima ili kujua tabia zake. Hilo nalo lilikuwa kweli. Majirani watatu waliokuwa wamemsikiliza wakachangia, wakaweka mtambo bila kutazama tabia za kijito, na watoto wao wakaanza kusoma kwa taa jioni.

Juni alirudi kwenye samadi, na Chepngeno akashukuru Mungu, maana samadi walikuwa nayo hadi ya kukanyagia. Lakini samadi nayo ina aina zake. Kuna mtambo wa matofali unaochimbiwa ardhini, na kuna mfuko mkubwa wa plastiki nzito unaolazwa kwenye handaki. Matofali hudumu, mfuko ni rahisi. Bethwel alitembelea kila mtambo uliokuwapo kati ya Chepseon na Kipkelion. Kila alikokwenda alichemshiwa chai kwa moto usio na moshi, akainywa, akaisifu, kisha akarudi jioni kumsimulia mkewe. Alisimulia akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, maana ndani hapakukalika. Chepngeno alimsikiliza akiwa ameinamia mafiga, machozi yakimtiririka, na haikuwa rahisi kujua machozi ya moshi yaliishia wapi na mengine yakaanzia wapi.

"Haraka haraka haina baraka," Bethwel alimaliza.

"Na ngojangoja..." Chepngeno alianza, lakini kikohozi kilimkatiza, na nusu iliyobaki ya methali ikabaki kifuani mwake pamoja na mengine mengi.

Agosti ilileta kizuizi kipya, na hiki kilikuwa kizito kuliko vyote kwa sababu kilikuwa na heshima ndani yake. Mama yake Bethwel, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, aliishi katika nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, na ndiye aliyetengeneza mursik ya boma lile. Mursik, maziwa yale ya kibuyu, haiwi mursik mpaka kibuyu kisuguliwe ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa kikawa kaa. Bethwel akainua kidole.

"Sasa fikiria, Mama Phyllis. Gesi haina makaa. Mama atachoma senetwet wapi? Na siku ya koito wageni watakunywa nini, soda? Hiyo maneno lazima tuipange pole pole."

Mke hawezi kusimama akasema kwamba kifua chake ni muhimu kuliko kibuyu cha mama mkwe. Chepngeno alivumilia wiki hiyo, akavumilia na iliyofuata, akazidi kukohoa. Ilikuwa hadi Kogo mwenyewe alipomwita amsaidie kuanika mahindi ndipo ukweli ukatoka, tena kwa bahati tu.

"Wewe utakufa na hiyo kifua," Kogo alimwambia. "Kwa nini hamuweki hiyo gesi kama ya yule mama wa hoteli? Bethwel anaiongea kila siku."

Chepngeno aliinamisha macho. "Ni juu ya mursik yako, Kogo. Baba Phyllis alisema gesi haina makaa ya senetwet."

Kogo aliacha mahindi. "Nani aliniuliza mimi?"

"Sijui. Nilidhani aliuliza."

"Kijiti moja," Kogo alisema, akiinua kidole kile kile alichokuwa akiinua mwanawe. "Mimi natumia kijiti moja. Nachoma hapo nje kwa jiko ndogo ya makaa, naosha kibuyu, imeisha. Wewe unakula moshi asubuhi na jioni kwa sababu ya kijiti moja, na hakuna mtu alikuja kuniuliza?" Akatikisa kichwa kwa uchovu. "Huyo tangu akiwa mtoto, ukimtuma kuni anachagua mpaka mvua inanyesha, halafu analeta kuni imelowa na maneno mingi."

Chepngeno alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia kidogo, kisha akamaliza kuanika mahindi. Siku iliyofuata alienda nyuma ya zizi, akapima ardhi kwa hatua, akapigilia vigingi vinne, na kuanza kuchimba handaki la mfuko. Jembe alilolipata ghalani lilikuwa kuukuu, na mpini wake ulicheza kila alipoliinua.

Bethwel alimtazama kwa muda kutoka kwenye benchi. Mwishowe akaja, akalichukua jembe mkononi mwa mkewe, akaligeuza.

"Hii haiwezi. Angalia, mpini imelegea. Halafu hapa chini kuna mawe, hapa unataka jembe ya meno. Wacha nikuletee ingine poa kutoka Chepseon."

"Lini?"

"Leo. Naenda saa hii."

Akaliweka jembe chini akashika njia, naye Chepngeno akaacha kuchimba. Hapo hata msimulizi hukasirika naye. Mwanamke aliyeingojea sola, akangojea kijito, akangojea matofali, akazuiwa na kijiti cha senetwet ambacho hakikumzuia mtu yeyote, bado alimwamini mume wake kwa jambo dogo kama jembe. Lakini ndivyo alivyokuwa, na wengi wetu tuna mtu ambaye tumemwamini mara nyingi kuliko tulivyopaswa.

Bethwel alirudi giza likiingia, mikono mitupu, kofia mpya kichwani.

"Jembe iko wapi?" Chepngeno aliuliza.

"Nimezunguka duka zote. Kuna ya meno matatu na ya meno manne. Ile ya matatu ni nyepesi lakini chuma yake siiamini. Ya manne ni nzuri, lakini mwenye duka alisema siku ya soko italetwa ingine bora. Sasa, ya nini kununua leo kitu utajuta kesho?" Aliketi, akatoa karatasi mfukoni, na uso wake ukachangamka. "Lakini sikiza. Kuna maonyesho Nakuru kesho kutwa. Wanaleta mifuko ya aina mpya, mizito. Nikitoka huko, tutakuwa tumejua kabisa."

Chepngeno aliitazama ile kofia. Hakupaza sauti, kwa kuwa hakuwa nayo ya kupaza.

"Baba Phyllis, hiyo kofia umepewa wapi?"

"Kwa duka ya majembe," Bethwel alisema.

Gari lililompeleka Nakuru lilikuwa halijamaliza mteremko wakati Chepngeno alipookota jembe lile kuukuu. Alichonga kijipande cha mti, akakipachika kwenye tundu la jembe kando ya mpini, akakigonga kwa jiwe mpaka mpini ukakaza. Kazi ile ilimchukua muda mfupi kuliko unaotosha kuvaa viatu. Kisha akawapigia simu wanawake wenzake wa kikundi cha kuchuma chai kwa zamu, wale ambao leo huvuna kwako na kesho huvuna kwangu. Aliwaambia zamu yake wiki ile si ya kuchuma bali ni ya kuchimba. Wakaja na majembe yao, mengine ya meno, mengine bapa, moja limepinda. Hakuna aliyeuliza la mwenzake ni la aina gani.

Wacera naye, alipopigiwa simu, hakukawia. Alimleta fundi wake pamoja na mfuko. Malipo hayakuwaletea maneno, maana katika boma la Kipsigis maziwa ya asubuhi huenda kwa ushirika na hesabu zake ni za baba, lakini maziwa ya jioni ni ya mama, na hayaulizwi. Walikubaliana maziwa ya jioni ya Chepngeno yashuke hotelini kwa Wacera kwa kipindi fulani, wakamaliza.

"Lakini mama, nikuulize," Wacera alisema, akifuta udongo mikononi. "Huyu mzee alinifundisha mimi haya yote. Alinichorea na kalamu. Hapa kwake alikuwa anangoja nini?"

"Bora zaidi," Chepngeno alisema.

Bethwel aliporudi kutoka Nakuru alikuta mfuko mweusi umelala kwenye handaki, bomba limepita ukutani hadi jikoni, na mkewe akimimina ndoo ya samadi iliyokorogwa na maji. Alizunguka mfuko ule mara mbili. Hatimaye alisema.

"Mmeweka mfuko ya kawaida. Na mbona haijaangalia upande wa jua?"

Wanawake waliokuwapo walitazamana, kisha mmoja wao akamuuliza Chepngeno kama chumvi bado iko, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba ni ndege aliyelia mtini.

Ingependeza kusema kwamba gesi ilikuja siku ile, lakini samadi haina haraka za watu. Chepngeno aliilisha ndoo yake kila asubuhi na kila jioni. Oktoba ikaenda, Novemba ikaingia na ukungu wake, na kule jikoni bomba lilipofunguliwa lilipumua kidogo tu, likanyamaza. Mfuko ulikuwa umelegea kama tumbo la mtu aliyefunga. Bethwel sasa alikuwa na kitu alichokikosa miezi yote ile, yaani ushahidi. Alikaa pale kwenye kituo cha majani chai akiwaeleza wenzake kwamba yeye alisema, kwamba mahali pa baridi gesi huchelewa, kwamba watu hawapendi kusubiri wataalamu. Na la kukasirisha zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Baridi ndiyo iliyoizuia gesi.

Chepngeno alizipata habari zile. Zilikuwa zimebaki wiki chache wageni wafike, na alikuwa bado anapika kwa matawi ya michai, bado anakohoa. Alimfuata mumewe kwenye benchi kama alivyomfuata mwezi wa Aprili, lakini safari hii hakuomba.

"Unasema baridi ndiyo inazuia."

"Ndiyo. Wale wadudu wadogo wa ndani wanataka joto."

"Dawa yake unaijua?"

"Naijua sana. Kuna njia tatu. Ya kwanza..."

"Nipe moja."

"Sasa, inategemea, kwa sababu..."

"Baba Phyllis." Sauti yake ilikuwa inakwaruza, lakini haikutetemeka. "Moja."

Inawezekana ilikuwa mara ya kwanza maishani Bethwel kuona kwamba njia tatu ni nyingi. Akajikuna kichwa chini ya kofia.

"Karatasi ya nailoni," alisema. "Unaifunika juu ya mfuko na fito, kama kitalu cha nyanya. Jua kidogo ikitoka, joto inabaki ndani. Na maji ya kukorogea samadi unaacha kwa jua kwanza."

"Karatasi kama hiyo inapatikana wapi?"

Bethwel alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha moshi. "Iko ghalani. Niliinunua mwaka juzi. Nilikuwa nangoja kulinganisha na ile nzito."

Yako mambo ambayo mtu akiyajibu atayapunguza. Chepngeno alikwenda ghalani, akaitoa karatasi ile ikiwa bado imefungwa na kamba ya dukani, akaleta na panga la kukatia fito. Akampa mumewe panga. Bethwel alilitazama lile panga, akalipitishia kidole kwenye makali, na mkewe akaona kabisa kwamba alikuwa karibu kusema ni butu. Lakini Kogo alikuwa amesimama mlangoni pake ng'ambo ya uwanja, mikono kiunoni. Bethwel akaenda kukata fito.

Mfuko ulianza kufura wiki iliyofuata. Ulifura hadi ngozi yake ikang'aa, na asubuhi moja Chepngeno alipofungua bomba na kuwasha kiberiti, moto wa buluu ulisimama pale, mdogo, safi, ukisema ssss kama mtu anayenyamazisha watoto. Alichemsha chai. Akakaa jikoni, mlango umefungwa, akavuta pumzi mpaka mwisho, akaitoa, na hakuna kilichomshika. Alikaa humo muda mrefu bila sababu yoyote ya kukaa.

Bethwel aliletewa kikombe chake nje. Akaonja, akatazama bomba, akatazama mfuko chini ya nailoni yake.

"Unajua tungeweka mbili, ule wa pili..."

"Kunywa chai," Chepngeno alimwambia.

Wageni walikuja Disemba, kama walivyoahidi. Mzee Mathew, baba yake Kipkirui, aliongoza ujumbe wake, akiwamo Kipkirui mwenyewe, wakaketishwa sebuleni chini ya ukuta wa kofia. Kogo alitoa mursik yenye rangi ya majivu kama inavyotakiwa, na kijiti chake kilikuwa kimechomwa nje kwenye jiko dogo bila kumsumbua mtu. Wasichana walipika, na Chepngeno aliketi miongoni mwa wageni tangu mwanzo, katika nguo yake ya kanisa, macho meupe bila wekundu wa moshi. Wazee walizungumza, wakakubaliana, wakashiba. Mzee Mathew alinyoosha shingo akatazama dirishani.

"Nimeona chakula mingi imetoka hiyo jikoni, na sijaona moshi. Ni gesi ya samadi?"

"Ndiyo," Bethwel alisema, na mgongo wake ukanyooka wenyewe. Cheptoo alitazama chini. Watu wa kilima waliokuwapo wakajiweka vizuri vitini, kama watu wanaojua ibada itakuwa ndefu.

"Na nyinyi mlichagua vipi? Mimi nasikia ziko aina nyingi. Nimeshindwa kuamua huu mwaka wa pili."

Bethwel alifungua kinywa. Majibu yote alikuwa nayo, ya matofali na ya mifuko, ya jua na ya kijito. Akamtazama mkewe, ambaye hakumkunjia uso wala kumsihi, alikuwa akimngoja tu, kama alivyomngoja siku zote. Bethwel akakifunga kinywa.

"Mimi sikuchagua," alisema polepole. "Uliza mama. Hata hivyo saa yake ya kuongea imefika."

Chepngeno alisimama. Kule pembeni Phyllis, aliyekuja na mtoto wake mgongoni, alishika ukingo wa kiti, kwa kuwa alikuwa amewahi kuwa mahali hapa, na alijua kilichofuata. Chumba kizima kilijua, kikangojea kikohozi. Hakikuja.

"Kipkirui," Chepngeno alisema, na sauti yake ilifika hadi kwa wasichana jikoni. "Ya ng'ombe wazee wamemaliza, mimi sina neno. Yangu ni moja. Msichana yangu akipata shida, usitoke kwenda kumtafutia dawa nzuri kuliko zote za dunia. Anza na ile iko kwa nyumba. Kama ni jembe na mpini imelegea, piga kijiti hapo, ulime. Hiyo bora utaitafuta ukiwa umeshiba."

Wanaume wengine walicheka, lakini si Bethwel. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha Chepngeno akageuka. "Cheptoo, nenda na baraka yangu, umesikia kwa masikio yako. Na wewe Phyllis, hii ni yako pia. Imechelewa sana, na si wewe ulikosea."

Phyllis alijifunika uso kwa shali ya mtoto. Kogo akasema "kongoi", asante, kwa niaba ya wote.

Kofia bado ziko ukutani, na hakuna mpya iliyoongezwa. Siku hizi Bethwel hubeba ndoo ya samadi mwenyewe kila asubuhi, akilalamika kwamba ndoo za bati zilikuwa bora kuliko hizi za plastiki, na kwamba handaki lilipaswa kutazama upande wa jua. Analalamika huku akitembea na ndoo imejaa, na hapo Chepngeno hana la kumlaumu. Mzee Mathew alipopiga simu mwezi uliofuata kuuliza kama angoje mifuko ya aina mpya, Chepngeno ndiye aliyepokea, akamjibu kwa sauti isiyokwaruza hata kidogo kwamba mchagua jembe si mkulima.